Redio wa Kiberiti

Dukani, 3 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, dada yako ni mzima, cherehani yake ni nzima, na mwanao anakula vizuri kuliko anavyokuambia. Akikuandikia kwamba wanafunzi wa chuo wanakonda, usimwamini. Analala chumba kile kile ulichokuwa unalala wewe, na amegundua kwamba dirisha halifungi. Nimemwambia limekuwa hivyo tangu enzi zako, na kwamba mimi ni fundi wa kufuli, si wa madirisha.

Nina jambo. Klabu ya boti za matanga inatimiza miaka hamsini mwaka huu. Mwenyekiti anataka kila timu iliyowahi kuchukua kombe iandike historia yake, kurasa mbili tu, ziingie kwenye kitabu. Ya kwetu nimepewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nahodha na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Mhasibu anasema yeye huandika tarakimu. Mpishi anasema akianza hataacha. Basi nimeandika mwenyewe, nakutumia uone kama nimesahau kitu.

"Timu ya Kiberiti ilianzishwa na watu wanne ambao hawakujua kitu: fundi wa kufuli, mhasibu wa kiwanda cha sabuni, mpishi wa hospitali, na shemeji wa fundi wa kufuli, ambaye alikuja kututembelea kwa wiki moja. Boti ilikuwa imetelekezwa nyuma ya ghala la klabu, imejaa maji ya mvua. Ilikuwa fupi na bapa, watu wakaiita Kiberiti, nasi tukaona jina linafaa. Matanga yalishonwa na mke wa nahodha, ambaye mwenyewe hutapika hata boti ikiwa imefungwa gatini. Mwaka wa kwanza tulikuwa wa mwisho. Mwaka wa tatu tulichukua kombe, siku ya baridi kali, tanga likipiga kelele kama bati. Tulilichukua tena mwaka uliofuata. Mwaka wa sita tulilikosa kwa sababu boya lilihamishwa na mkondo wa maji. Baadaye Mpishi aliumwa mgongo na timu ikavunjika."

Ndiyo hiyo. Habari nyingine ni kwamba Juni kutakuwa na mbio za maadhimisho, za timu za zamani. Kiberiti tumeshakipaka rangi na usukani nitashika mimi. Kiti chako amepewa mwanao. Ni mkimya, hana neno. Masikio yetu sasa yatapata likizo.

Shemeji yako,
Nahodha


Stesheni, kibanda cha matangazo, 17 Februari

Shemeji,

Barua yako imefika, nimeisoma kati ya treni ya saa nne na ile ambayo hufika inapojisikia. Tangu lini unapiga taipu? Nilidhani ni barua ya benki, nikaiweka kando kutwa nzima. Mwandiko wako ulikuwa mbaya, lakini angalau ulikuwa wako.

Kwanza nikupe pole ya masikio. Huku wananilipa mshahara kwa jambo lile lile lililokuwa likikukera. Nakaa mbele ya kipaza sauti, naona njia zote kutoka dirishani, nasema kinachokuja, kinakuja upande gani, na watu wakae mbali. Hakuna aliyewahi kuniambia nipunguze sauti.

Sasa hiyo historia. Imekonda. Siku ya kombe la kwanza umeandika baridi na kelele za tanga, basi. Mimi nakumbuka maji yalikuwa ya kijani kama chupa upande wa gati, na ya kijivu huko mbele. Nakumbuka Malkia, boti ya wale matajiri wa gati la pili, matanga yake mapya meupe pee, na yetu yana viraka vya bluu kwa sababu Dada aliishiwa kitambaa. Nakumbuka boya jekundu lililochujuka upande mmoja. Weka vitu hivyo. Ulivyoandika, mtu atadhani mashindano yote uliyaendea ukiwa umejifunika blanketi.

Pia kazi yangu hukuiandika. Watu wanne, watatu wana kazi na wa nne "alikuja kututembelea". Nilikaa ubavuni kwako miaka sita nikisema kila kitu: boya liko wapi, upepo unaingia kutoka upande gani, nani anageuza, nani anataka kutukata mbele. Ukaniita Redio, klabu nzima ikadaka, na mpaka leo kuna watu wazima huko wasiojua jina nililopewa na wazazi.

Halafu boya. Shemeji, boya halikuhama. Nilikuwepo. Asubuhi ya fainali ile ulisimama kwenye baraza la klabu, mbele ya watu wa Malkia, ukasema tungekwenda kasi zaidi kama redio hii ingepatiwa kizibo. Wakacheka, na mimi nikacheka. Tulipovuka mstari wa kuanzia nikaamua kukupa hicho kizibo. Nikanyamaza. Tulikuwa tunaongoza, boya jekundu liko wazi mbele kushoto, nawe ukageuza usukani taratibu ukalifuata la njano, boya la mbio za watoto, ukalizunguka kwa madaha kana kwamba ni letu. Mpishi alipiga kelele kutoka mbele, lakini tulikuwa tumeshachelewa. Malkia wakachukua kombe. Hukusema neno njia nzima mpaka gatini.

Nitakuambia nilichoelewa siku ile, maana wewe ndiye uliyeomba kumbukumbu. Nilielewa kwamba uliona bora tukose kombe kuliko kuniuliza boya liko wapi. Ndiyo maana kazi hii ilipotangazwa niliiomba, ingawa huku hakuna maji hata ya kulowesha kisigino. Mgongo wa Mpishi hauhusiki. Na mwaka juzi nilipokuja, ulinipita pale stesheni yenu kama nguzo ya taa. Ulinitazama, ukaenda zako. Nikasema, kumbe bado ana kinyongo.

Rekebisha hapo kwenye boya. Mengine nakuachia. Na mwambie mwanangu avae jaketi la kuokolea kila safari, hata akiona wakubwa zake hawavai.

Redio


Dukani, 9 Machi

Shemeji,

Vidonge vyangu nimevipata. Dada yako alicheka sana pale kwenye kizibo, halafu akaacha kucheka.

Historia si mahakama. Kitabu ni cha sherehe, watu watakisoma wakiwa na soda mkononi, hawana haja ya kujua nani alinyamaza na nani alinuna. Mkondo wa maji haumdhuru mtu. Rangi nitaongeza, hizo ulizoniandikia zinatosha, nitazinakili kama zilivyo. Pale stesheni nilikuwa na mawazo mengi, usinihesabie.

Taipureta ni ya Mhasibu. Kiwanda kimempa nyingine. Mwandiko wangu umeharibika kwa kushika tupa, na vidole vimeshazoea mahali pa herufi.

Mazoezi yanaendelea. Mpishi amenenepa, tunamweka upande wa upepo na boti inatulia kuliko zamani. Mhasibu bado analalamika kabla ya kuvuta kamba, baada ya kuvuta, na wakati mwingine badala ya kuvuta. Mwanao ana mkono mzuri na harudii kosa. Tatizo ni kwamba hasemi. Nimemwambia, mama, wewe ongea tu, usinionee haya. Anajibu, "Ndiyo, Baba Mkubwa," kisha kimya mpaka gatini. Nadhani amesikia habari za Redio, anaogopa kuitwa stesheni ya pili.

Jumamosi tuligusana kidogo na boya. Maboya ya siku hizi wanayapaka rangi hafifu. Kiberiti kimekwaruzika ubavuni na mwanao amechubuka kiwiko, kitu kidogo, dada yako amekishughulikia. Juni tutakuwa tumekaa sawa. Boti ishirini zitakuwa mstarini, Malkia ikiwemo, na nahodha wake ni yule yule. Shingo imezidi kunenepa, nimeambiwa.

Nahodha


Stesheni, 21 Machi

Shemeji,

Barua hii soma peke yako. Usimwambie Dada. Moyo wake mwepesi, na jambo hili nataka tulimalize sisi wawili.

Mwanangu ameniandikia. Haongei, lakini huandika. Anasema Jumamosi ile mlikuwa mnaliendea boya jekundu, ukaliacha, ukaelekea moja kwa moja kwenye la njano mpaka mkalipanda. Alidhani ni zoezi. Alidhani unampima uone kama atashtuka, akajikaza asishtuke. Na kiwiko hakikuchubuka. Kimeshonwa. Hapo nako umepunguza.

Nimekaa na barua zenu mezani siku kadhaa. Nimetangaza treni ya mizigo kwenye njia ya abiria, na mkuu wa stesheni amenijia juu. Shemeji, wewe majini hupotei. Umepotea siku moja mbele yangu na siku moja mbele ya mwanangu. Zote mbili boya lilikuwa la njano, na zote mbili mtu aliyekaa ubavuni kwako alikuwa kimya.

Basi nikaanza kurudi nyuma. Unapiga taipu. Hukuniona stesheni, na siku ile nilikuwa nimevaa koti jekundu kama gari la zimamoto. Historia yako haina rangi hata moja, na za kwangu unazinakili. Shingo ya nahodha wa Malkia umeambiwa. Hata dukani kwako, nimekuona ukifungua kitasa huku umetazama dari, nikadhani ni maringo ya fundi. Na miaka ile kila tukikaribia gati ulikuwa unaniuliza, "Leo nani wapo pale?" Nilidhani unapenda umbea kama mimi.

Huoni. Na ulikuwa huoni vizuri tangu wakati ule. Kama nimekosea nitukane, nitafurahi.

Kama sijakosea, nisikilize. Mimi nilikuwa nasema kwa sababu napenda kusema. Ilikuwa bahati yako. Mwanangu hana tabia hiyo, nawe umempandisha kwenye boti ambayo mshika usukani haoni inakokwenda, na hukumwambia. Juni unataka kumpeleka katikati ya boti ishirini zinazogombania mstari mmoja. Mwanangu hapandi tena Kiberiti mpaka yeye, Mpishi na Mhasibu waambiwe kwa kinywa chako mwenyewe. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukinyamaza, nitamwandikia mwenyekiti.

Tena nasema, Dada asijue. Ataumia.

Redio


Nyumbani, 30 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mimi. Nimeisoma kwa sauti, kuanzia "soma peke yako" mpaka "Dada asijue", na yeye amekaa mbele yangu na kikombe cha chai. Barua zako zote mimi ndiye ninayemsomea. Ulidhani nani? Nilipofika pale pa "usimwambie Dada" nikasita, akasema, "Mbona umesimama? Endelea." Nikaendelea. Ningefanya nini?

Nilicheka mpaka nikashindwa kumaliza mstari, halafu nikalia. Yeye hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kiwiko kilishonwa?" Hilo ni langu. Nilimwambia kimechubuka, kwa kuwa damu hakuiona, na nilijua angeacha usukani siku ile ile. Alimaliza chai, akaenda dukani, na huko ndiko anashinda. Funguo anachonga mpaka za watu ambao hawajaagiza.

Hujakosea. Ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, ulianza kabla hamjaiokota ile boti. Katikati ya jicho panakufa, pembeni panabaki. Daktari alisema miwani haisaidii. Wakati ule alikuwa bado anaona tanga lililo juu yake na mkono wake mwenyewe, lakini boya la mbali lilikuwa doa, na rangi zilikuwa zimeanza kumpotea. Sasa hivi hata mimi ananitazama sikioni ili anione uso. Aliniapisha, na mimi niliapa nikiwa bibi harusi wa juzi, sikujua kiapo kitakuwa kirefu hivi.

Utauliza kwa nini alikutania kama kelele zako zilikuwa zinamsaidia. Mdogo wangu, watu wa klabu walikuwa wameanza kuuliza kwa nini nahodha anahitaji kusimuliwa kila kitu. Ikabidi iwe kwamba wewe ndiye huna breki. Alitafuta pa kujificha, akajificha nyuma yako. Nilimwambia utani umezidi, akasema unaupenda, unacheka. Ulikuwa unacheka kweli. Mimi pia nilidanganyika na kicheko chako.

Siku ile ya fainali alirudi na nguo mbichi, akakaa kitandani hivyo hivyo, akaniambia, "Leo shemeji hakusema, na mimi sikuweza kumuuliza mbele ya wenzangu." Hayo ndiyo maneno yake. Ulipoondoka alijaribu na mtu mwingine, kijana mzuri tu, mpole, wakagonga gati. Hapo ndipo mgongo wa Mpishi ukaanza kuuma, kwa maana ya kwamba alimwomba Mpishi aumwe.

Nimechoka, mdogo wangu. Nimekuwa nikimsomea magazeti, bili na barua, nikimwambia kwa kiwiko nani ameingia mlangoni, na watu wananiona mke asiyemwachia mume wake hata sehemu ya kupumua. Umegundua mwenyewe, mimi sikuvunja kiapo. Usiku wa kwanza baada ya barua yako nililala kama mtoto.

Dada yako


Stesheni, 8 Aprili

Dada,

Msomee na hii, kwa sauti, na usiruke mstari.

Nimekasirika. Nilidhani nitasikia huruma, na huruma ipo, lakini hasira imewahi kufika. Nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba mimi ni kelele. Mtu alinichumbia, nikawa nahesabu maneno nikiwa naye, mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Kwenye harusi za watu nakaa kona. Mwanangu nimemlea nikimwambia, punguza, punguza, na sasa nimejua ukimya wake ameutoa wapi. Nimeutoa mimi kwako, Shemeji, nikampa yeye, na yeye akakuletea kwenye boti ukamchana kiwiko.

Ungeniambia. Si lazima klabu nzima. Mimi tu. Ningekuwa nasema vile vile, ningekubali na utani, ningejua tu kwamba ninafanya kazi.

Sharti langu liko pale pale. Mwisho wa mwezi.

Dada, wewe sijakukasirikia. Au nimekukasirikia kidogo, lakini itapita.

Redio


Dukani, 2 Mei

Shemeji,

Dada yako hakuruka mstari. Nilimwomba asome mara ya pili, akasoma.

Nimewaambia. Tulikutana jikoni hospitalini baada ya Mpishi kumaliza chakula cha wagonjwa, kwa sababu pale masufuria yanapiga kelele na mtu anaweza kusema jambo bila kusikika sana. Nilisema kwa kifupi. Mpishi akauliza, "Kwa hiyo zile sahani zangu ulizokuwa unazisifu kwamba zimepangwa vizuri?" Nikamwambia harufu ilikuwa inatosha. Ameninunia kwa hilo kuliko kwa boya.

Mhasibu alichukua kofia yake akaondoka. Baadaye ndipo nikajua. Siku ya fainali alilegeza kamba ya tanga kubwa mapema, na kwa miaka yote hii yeye alikuwa na uhakika kwamba boti ilikwenda mrama kwa kosa lake, na kwamba mimi nilinyamaza njia nzima ili nimstiri. Ndiyo maana amekuwa akinipa vitu, mara taipureta, mara katoni za sabuni. Amerudi wiki iliyopita. Anasema kamba atavuta, lakini taipureta anaitaka. Nimemwomba nimalize kwanza barua hii.

Mwanao nilimwambia peke yake, kabla ya hao wengine. Nilimwomba radhi kwa kiwiko na kwa kumpandisha bila kumwambia. Akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aje. Alisema, "Baba Mkubwa, ungeniambia nisome tu kinachoonekana, ningesoma. Mimi nilidhani unataka maoni yangu." Sasa tukitoka, anasoma. Anasoma kila kitu, mpaka matangazo yaliyobandikwa gatini. Lakini tumekwenda maji matupu tu, pasipo boti nyingine, na dada yako alisimama ufukweni muda wote akiwa na filimbi.

Mwenyekiti naye anajua. Amepekua kanuni zote akitafuta inayosema nahodha lazima aone, hakuipata. Iliyopo inasema kila boti iwe na mtu wa kutazama mbele muda wote na kutoa taarifa. Akaniuliza wetu ni nani. Nimemwambia nitamjibu.

Historia nimeirekebisha. Sikiliza:

"Mwaka wa sita tulikosa kombe kwa sababu nahodha alizunguka boya lisilo letu. Nahodha alikuwa haoni mbali na hakuwa amemwambia mtu. Kwa miaka sita alikwenda kwa sauti ya shemeji yake, aliyekaa ubavuni kwake akimwambia kila kilichokuwa mbele, na makombe yote mawili yalipatikana hivyo. Siku ya fainali nahodha alimdhihaki mbele ya watu. Shemeji akanyamaza, tukapotea. Timu ilivunjika alipoondoka, kwa kuwa bila yeye hatukujua tunakokwenda."

Hapo kwenye "shemeji yake" nimeacha nafasi ya jina lako lile la wazazi. Dada yako ataliandika kwa mkono wake.

Kwa nini sikukuambia. Niliogopa mtaanza kunishika mkono kwenye ngazi, na niliona mtu anayeshikwa mkono hawezi kumwagiza mwingine avute kamba. Nilikutumia wewe ili nisishikwe. Yale ya mchumba na ya kukaa kona sikuyajua, na yameniuma sana. Nakuomba radhi, kwa kizibo na kwa kila siku uliyojipunguza baada ya hapo.

Sasa ombi. Mwanao atakuwa mzuri, lakini kwa boti ishirini sitaki sauti inayojifunza. Amekubali kukaa mbele na Mpishi. Kiti cha ubavuni kina mwenyewe. Usipokuja, Kiberiti hakitatoka gatini, nitakaa barazani na dada yako, tutasikiliza wengine wakishinda, na sitakulaumu hata kidogo.

Nahodha


Stesheni, 16 Mei

Shemeji,

Nimeomba likizo. Mkuu wa stesheni aliniuliza sababu, nikamwambia nakwenda kutangaza sehemu nyingine. Ameisaini haraka mno, nadhani bado anakumbuka ile treni ya mizigo.

Hasira yangu haijaisha, nakuambia mapema usije ukashangaa. Nitakuwa nayo kwenye boti. Lakini barua yako nimeisoma kibandani, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, na treni ya saa nne imeingia bila kutangazwa kabisa. Nililia kidogo. Si kidogo. Abiria walijitafutia njia wenyewe.

Masharti ni haya. Kwenye kitabu jina langu la wazazi litangulie, na "Redio" lifuate kwenye mabano, kwa sababu hilo ndilo lililofanya kazi. Kwenye boti nitasema kila kitu, kwa sauti yangu yote, na nahodha wa Malkia akicheka nitamtangaza na yeye. Ukitaka kujua kitu nimesahau kukisema, utauliza, mbele ya wenzako, kwa lugha ya kawaida: "Boya liko wapi?" Utazoea. Mwanangu aje na jaketi lake. Wewe pia.

Kuna moja ambalo halimo kwenye masharti. Unaniuliza kwa adabu kama nitakuja, kana kwamba hujui. Nimekumbuka maji kila siku tangu niondoke. Naona reli zimenyooka hapa dirishani, nashikwa na hamu ya kitu kinachoyumba.

Treni yangu inafika kwenu Ijumaa asubuhi ya wiki ya mbio. Usije na Dada akugonge kiwiko, njoo peke yako. Na usihangaike kutazama huku na huku kunitafuta kwenye watu. Simama chini ya saa kubwa, utulie hapo. Nitakuita mimi.

Shemeji yako,
Redio